Doa Kwenye Wembe wa Marehemu

Mjomba wangu ni kinyozi, ila ugonjwa wake ni nyembe za zamani, zile za kukunja zenye mpini. Anaziokota kwenye vyuma chakavu, anasugua kutu, ananoa kwenye jiwe, anamalizia kwenye mkanda wa ngozi, halafu anazijaribu kwenye kidevu changu.

Juzi nilikuwa kitini, povu usoni, anajaribu wembe wa marehemu rafiki yake. Mjane wake, fundi cherehani, aliuleta umeliwa na kutu, akaomba ufufuliwe. Mjomba aliung'arisha mpaka ukiutazama unaona meno yako.

Mara mjane mwenyewe huyo mlangoni. "Shemeji, wembe wa mzee uko wapi?"

"Si huu hapa, shemeji!"

Akauangalia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. "Huu mpya. Wetu ulikuwa na doa jeusi."

"Ilikuwa kutu, nimeitoa."

"Kwa ruhusa ya nani?" Machozi yakamlengalenga. Akapekua kopo la nyembe ambazo bado hazijasafishwa, akaibuka na mmoja wenye doa. "Kumbe ulikuwa unanificha!" Akaukunja, akaukumbatia.

Mjomba akamfungia ule wembe kwenye kitambaa.

Alipotoka nikauliza, "Si ule tuliouokota jalalani?"

"Ndio huo."

"Sasa huu wa marehemu?"

Akautazama mkononi. "Mpwa wangu, nimemsaidia au nimemwibia?"

Ananiuliza mimi! Nikafuta povu kwa shati, nikaondoka na ndevu upande mmoja.