Wivu ilinifanya nifukuze mawese mu nyungu

Bandugu, minye ndiye niko na makosa, hakuna mwingine wa kusingizia. Mukitaka kunitukana, mutukane tu.

Tunaishi parseli moja, kiwanja kimoja, hapa Kimanga na Neema, bibi ya mudogo wa bwana yangu. Neema amezaa batatu, lakini kiuno yake bado ya musichana! Siku moja bwana yangu akamuona anaanika ndagala, bale samaki badogo, akasema, "Huyu Neema hazeekake." Basi tu. Moyo yangu ikawaka moto, minye mwenye kuongezeka kila upande!

Nikasema ni mawese ndiyo inaninonesha. Nikaiondoa mu nyumba, na karanga pia. Sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, ndagala ya kuchemsha na chumvi, sisi wote, hata Riziki, katoto kangu ka miaka mbili. Riziki akawa anasukuma sahani, anakimbilia kwa Neema.

Yoo, ile iliniuma! Nikasema huyu mwanamuke ameona bwana yangu haitoshi, sasa anachukua na mutoto.

Siku moja nikamukuta Riziki kwake, anaramba mawese ku vidole. Nikamupiga mikono, bandugu! Nikamupangusa kwa nguvu mpaka akalia.

Neema akasema, "Yaya, dada yangu, mutoto iko na njaa."

"Wako hawakutoshe?" nikamujibu.

Kisha Riziki akakonda. Jua ikishuka, akawa anagonga viti, haone. Nikamupeleka kwa sentre ya afya. Muganga akauliza tunapikaka nini, nikamueleza, tena kwa kujisifu, eti ninapunguza unono.

Akanitolea macho. "Mama, mutoto bila mafuta atakomaa na nini? Mawese nyekundu inalinda macho yake, na mafuta inasaidia mwili kushika nguvu ya mboga. Mingi ni mubaya, lakini kidogo ni lazima. Na weye, mu chai unaweka sukari ngapi?"

"Vijiko tano."

"Na maandazi?"

Nikaanza kuhesabu ku vidole, mukono moja haikutosha.

Kurudi nyumbani, nikamuuliza Neema anapikaka namna gani. Kumbe anatiaka kijiko moja ya mawese mu sombe, kila siku, na anapanda mulima kwenda kulima. Mbele ya ile siku sikumuulizaka hata mara moja. Nilikuwa na kazi ya kumuchukia.

Sasa Riziki anaona muzuri, na mawese imerudi. Lakini akiwa anakula, akiniona, anaficha mikono nyuma. Jana nikaketi chini, nikaramba mawese ku vidole vyangu mbele yake, ili acheke. Aka! Akaanza kulia, akaniletea kitambaa nijipanguse haraka.

Mama unayesoma hii, wivu ikikushika, jinyime weye. Sahani ya mutoto uiache.