Nyota ya Fundi Saidi

Enzi zetu mtu hakwenda hospitali kupimwa macho. Sisi wa Majengo, hapa Gisenyi, tulipimwa na mjomba wangu Saidi, fundi cherehani, na kipimo chake kilikuwa mbinguni. Wenzangu mliokulia huku bila shaka mnamkumbuka: cherehani mbili nyeusi barazani, pasi ya mkaa, na utepe wa kupimia shingoni hata akienda msikitini.

Mtihani ulifanyika wakati wa kiangazi, mvua zikishakatika, saa moja na nusu jioni. Tulikuwa tumekwisha kula ugali wa muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani, vilivyokaangwa mpaka vinaliwa na vichwa. Umeme siku hizo ulikuja kama mgeni, tena mgeni asiyelala. Basi tukakaa nje, tunanusa kimea kutoka kiwanda cha bia, kinywaji ambacho hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekionja, au angalau aliyekiri. Upande wa kaskazini volkano ya Nyiragongo ilikuwa inang'aa wekundu kama jiko lililosahauliwa. Juu yake zilisimama nyota saba zilizojipanga kama upawa uliopinduliwa, na kwenye mpini wa upawa ule, nyota ya pili kutoka mwisho, ndipo palipokuwa na mtihani.

Mjomba aliiita Mama na Mutoto. Alisema kubwa ni mama, na kando yake kabisa kuna kadogo, ndiye mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Iko nyota ngapi pale?" alikuwa anauliza.

Ukisema mbili, kesho unakaa kwenye cherehani. Ukisema moja, unarudi kupuliza mkaa wa pasi. "Mutu hawezi ona mutoto mugongoni kwa mama yake," alisema, "ataona tundu ya sindano?"

Mnaona wenyewe kwamba jibu lilikuwa ndani ya jina la mtihani. Mimi, kwa ujinga wangu wa miaka tisa, niliulizwa nikasema ukweli: moja. Binamu yangu Hadija, tuliyezaliwa naye mwezi mmoja, alisema mbili kabla hata swali halijaisha. Mwaka mzima yeye alishona, mimi nikapuliza mkaa. Akipita karibu yangu alikuwa ananipangusa masizi puani kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kiboko. Nilitaka cherehani ile kuliko nilivyotaka kwenda peponi.

Kumbe macho yangu yalikuwa mabovu. Nyota zote kwangu zilikuwa matone ya mafuta juu ya mchuzi, na nilidhani ndivyo Mungu alivyoziumba.

Kiangazi kilichofuata nikajipanga. Mjomba alipouliza, nikakaza uso nikajibu, "Iko mbili, mjomba. Tena mutoto amelala."

Akanitazama. Nilijua nimeongeza chumvi, lakini chumvi ikishaingia chunguni haitoki.

"Bon," akasema, yaani vyema. "Kesho ukuje ku mashini."

Wiki ya tatu nikapewa kanzu ya harusi. Sikupewa yote, nilipewa ubavu wa kushoto tu, na Hadija wa kulia. Niliinama mpaka pua ikagusa sindano, na kwa macho yale nikashona ubavu, nikashona na mkono wa kanzu humo humo, shubiri nzima. Bwana harusi alikuja kuichukua amechelewa, akaivaa mbio mbio, akaondoka.

Mambo yaliharibika wakati wa dua. Watu wote waliinua mikono. Bwana harusi aliinua wa kulia; wa kushoto ulifika kitovuni ukagoma. Akavuta, ukagoma. Mama mkwe akaanza kunong'ona kwamba kijana huyu anaoa nusu. Akavuta tena kwa nguvu, na mshono ukatoa mlio ambao mpaka leo Majengo wanauiga nikipita.

Jioni ile mjomba aliniita nje. Hakunichapa. Alinyoosha kidole juu ya mlima.

"Mwajuma. Iko ngapi?"

Nikalia machozi na makamasi. "Iko moja, mjomba. Tangu zamani iko moja."

Nilikuwa najua ndiyo mwisho wangu, nitazeeka na mkaa.

"Bon," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho ukuje. Nitakufundisha kushona na vidole."

Sikumwelewa, lakini kesho yake nilikwenda. Akanifundisha kusikia mshono kwa kidole gumba, kupima nguo kwa kuipapasa, na kutia uzi sindanoni kwa kulamba ncha na kuacha ulimi uongoze. Nilipofika sekondari nikapata miwani. Jioni ya kwanza nilikimbilia nje, nikainua kichwa, na mtoto alikuwepo, kadogo, kimya, mgongoni kwa mama yake. Nililia peke yangu pale uani.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa sita uliopita mwalimu mmoja kijana alileta darubini ufukweni, akaita watu wote. Nilimpeleka mjomba, sasa mzee wa fimbo, pamoja na binti yangu Sumaya. Zamu yetu ilipofika nikaomba tuonyeshwe ile ya kwenye mpini.

Mjomba aliweka jicho. Akakaa pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Kumbe mutoto iko," akasema.

"Mjomba! Hukuwahi kumwona?"

"Wapi! Fundi aliyenifundisha kule Bukavu aliniuliza, nikamwambia mbili. Nilikuwa nataka kazi. Na mi nilishona na vidole maisha yote."

Nikamsogelea. "Na siku ile nilipokwambia moja?"

"Nilifurahi, mwanangu. Nilijua siko peke yangu."

Mwalimu, ambaye hakujua kinachoendelea, akatueleza kwa furaha kwamba yule mama mwenyewe ni nyota mbili zilizobanana, darubini inazitenganisha. Kisha wataalamu wakachambua mwanga wake, wakakuta kila moja ya hizo ni jozi, na mtoto naye ni jozi. Jumla sita.

"Sita!" Mjomba akahesabu kwa vidole. "Donc, basi we na mi tulikosa tano. Hadija alikosa ine. Alitushinda na moja tu."

Tulicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Wakati wa kurudi, tabia yake ya zamani ikamrudia. Alisimama njiani akanyoosha kidole kusini, juu ya ziwa, kwenye nyota nyingine inayowaka sana.

"Sumaya, ile kule, unaona ngapi?"

"Ngoja niangalie, babu," binti yangu akasema, akatoa simu, akainama.

Mjomba akanibinya mkono. Mji siku hizi una taa kila kona, na watoto wetu watajibu sita kabla sisi hatujavaa miwani, tena watakuwa sahihi. Sisi tulidanganya, sikatai. Lakini angalau tulidanganya tukiwa tumeinua vichwa.