Meno ya Bibi Mbele ya Mamba

Shangazi yangu analipwa mshahara wa serikali kwa kuvunja vitu. Msidhani namsengenya. Yuko taasisi ya taifa ya utafiti wa malighafi, kule wanakobuni matofali mapya, vigae vipya, plastiki mpya na mabati yasiyoshika kutu. Mtafiti akishabuni kitu chake na kukipenda kama mtoto wa kumzaa, anatakiwa akipeleke kwa Shangazi kikavunjwe.

Chumbani kwake kuna mashine ya kijani inayofika darini, ina taya mbili za chuma, moja juu na moja chini, na pale kazini wote wanaiita Mamba. Shangazi anaweka kitu katikati ya taya, anabonyeza kitufe, Mamba anabana polepole huku mshale ukipanda kwenye saa yake, mpaka usikie pa! Pale mshale ulipofika ndipo penye namba. Kitu kisichovunjika hakina namba, na kisicho na namba, kwa Shangazi, bado hakijazaliwa.

Shida ni kwamba haachi kazi kazini. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwake, na kila akipita lazima anyakue nguo ya mteja na kuuvuta mshono kwa mikono miwili. Ukifumuka ananiambia, "Umeona?" Usipofumuka, anavuta tena. Viti vyote vya sebuleni vimeshatikiswa mpaka vimekuwa na adabu. Siku mchumba wa dada yangu alipokuja kujitambulisha, Shangazi alimpa mkono, na yule kijana akamaliza kikao kizima ameficha vidole chini ya meza. Tunamwita Mama Vunja, ila si mbele yake.

Mtu pekee asiyemwogopa ni Bibi, mama yake mzazi. Bibi ananiita mume wangu, na ananigombeza kama mume kweli. Zamani kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka dukani. Kisha meno yakamwisha, akanunuliwa ya bandia, ya plastiki ile ya bei poa, na meno yale yakamkatikia katikati akiwa amesimama anatoa nasaha kwenye harusi ya jirani. Nusu ilitua kwenye sahani ya baba wa bwana harusi. Watu walicheka, na Bibi mwenyewe alicheka nao, lakini alicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo kiganja hakikushuka. Akicheka, anaziba. Akizungumza na mgeni, anaziba. Kicheko chenyewe kikawa kinatoka puani, kidogokidogo, na mimi kilikuwa kinaniuma kukisikia.

Sasa pale kwenye taasisi kuna mtafiti mmoja, binti mwembamba mwenye miwani, anaitwa Daktari wa Mayai. Huyu aligundua kwamba ukisaga maganda ya mayai yakawa unga laini na kuyachanganya na ile plastiki ya waridi inayotengenezewa fizi za bandia, meno yanakuwa magumu mara nyingi zaidi. Wakati wa utafiti huo wafanyakazi wote walikula mayai mpaka mlinzi wa getini akaomba likizo. Michanganyiko ya mwanzo Shangazi aliivunja yote, na kila akirudi nyumbani na habari hiyo, Bibi alikuwa anamgeuzia mgongo.

"Mtoto nimemzaa mwenyewe," Bibi alikuwa akiniambia kwa sauti ya kusikika jikoni, "ananinyima meno."

"Sikunyimi, Mama. Yanavunjika."

"Yanavunjika kwa sababu unayavunja!"

Na hapo, kusema kweli, hata mimi niliona Bibi ana hoja.

Hatimaye mchanganyiko mmoja ukapata namba nzuri. Wizara ikasema vizuri, lakini meno mapya si hoja, tunataka kujua yatakuwaje yakishatumika. Kwa hiyo wakatafutwa wazee wa kujitolea wayavae mwaka mzima, kisha meno yarudishwe yakavunjwe. Yakifika kwenye alama nyekundu ya Mamba, yataanza kutengenezwa kwa ajili ya hospitali zote, na kila mzee aliyejitolea atapewa mapya. Yasipofika, habari imeishia hapo. Daktari wa Mayai alimweleza Bibi haya yote pale sebuleni, taratibu, kwa heshima zote, na mimi nilikuwepo. Bibi aliitikia kwa kichwa. Nadhani alisikia neno meno tu, mengine yakapita.

Basi mwaka ule ulikuwa wa Bibi. Alitafuna karanga. Alimenya miwa kwa meno. Alihamia barazani kwangu kabisa na kazi yake ikawa kunikatia nyuzi, nikimaliza mshono anainama, kach! Mkasi wangu ulishika vumbi. Siku moja Shangazi alimkuta anafungua soda ya mteja kwa jino la pembeni, akashika ukuta.

"Mama! Hiyo ni sampuli ya taifa!"

"Na mimi ndiye taifa," alisema Bibi, akatema kizibo.

Na kicheko kikarudi. Mwanzo aliachia vidole viwili, kisha kiganja kikashuka chote. Mwenye duka akaniambia, "Naona Bibi amepona." Sikujua kama kukosa meno ni ugonjwa, lakini nilimwelewa.

Mwaka ukaisha. Wazee wengine wakarudisha meno yao bila ugomvi. Bibi akasema hana meno ya mtu.

"Mama, ulikubali," Shangazi alisema.

"Nilikubali kuyavaa. Nimeyavaa. Hata sasa nimeyavaa, au huoni?"

Akawa analala nayo. Akawa anaoga nayo. Shangazi akiingia chumbani, Bibi anafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Kula walikuwa wanakula meza moja lakini macho hayakutani, na mimi katikati, natumwa chumvi huku na huku.

Ikabidi waje wenyewe. Daktari wa Mayai alikuja na afisa habari wa taasisi, mtu mmoja mnene, mchangamfu, mwenye kamera shingoni, jina lake la utani Mafanikio. Huyu kazi yake ni kuandika mafanikio ya taasisi, na hajawahi kukosa. Choo cha wageni kilipozibuliwa, aliandika kwenye tovuti: Hatua Kubwa Katika Sekta ya Maji. Habari ya meno alishaimaliza kuiandika, sifa zote zimo, kaacha nafasi ya namba tu.

"Bibi yetu," alianza, "taifa linakusubiri wewe."

"Lisubiri limekaa," Bibi alisema. "Likisimama litachoka miguu."

Daktari wa Mayai hakuwa na maneno mengi. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba meno ya wazee wengine yamevuka alama, lakini wizara imeyakataa, kwa sababu wazee wenyewe walikuwa wanayaonea huruma. Mmoja aliyafunga kabatini na kuyavaa siku za wageni tu. Mwingine alikuwa anakula uji. "Aliyeyatumia kama meno ni wewe peke yako, Bibi. Bila ya kwako sina kitu. Na wewe ukibaki na hayo, siku yakivunjika hakuna mengine."

Bibi aliyapitisha ulimi, moja moja, tukaona shavu likitembea.

"Na yakivunjika kabla ya hiyo alama yenu?"

"Basi nitakuwa nimekukosea," alisema yule binti. Hakujitetea, na hapo nikampenda.

Bibi akamgeukia Shangazi. "Anayevunja ni nani?"

"Mimi, Mama."

"Nitakuja. Siwezi kuyatuma peke yao."

Usiku ule Shangazi alikuja kusimama karibu na cherehani yangu na hakugusa nguo yoyote. Nikajua mambo ni mazito.

"Unajua," alisema, "nimevunja nondo, matofali, nguzo za zege. Kila siku naomba kivunjike haraka nipate namba nikanywe chai. Kesho nikiyaona yanapasuka mapema, nitamtazamaje Mama?"

Nikampa suruali ya mteja. Akaivuta mshono mara moja, bila hamu, akanirudishia.

Asubuhi Bibi alivaa gauni la bluu nililomshonea. Barabarani kutoka kituoni mpaka getini alitabasamu kwa kila mtu, hata kwa mwenye kufagia, kama anayeaga. Mlinzi alipomsalimia, "Shikamoo Bibi," alimwitikia "Marahaba" ndefu yenye meno yote. Chumba cha Mamba kilikuwa kimejaa: watafiti wa vigae, watafiti wa mabati, wahasibu waliodai wamepotea njia. Mafanikio alikuwa amepanda juu ya kiti, kamera tayari.

Bibi aligeukia ukuta, akayatoa, akayafuta kwa kitambaa. Alipogeuka kiganja kilikuwa mdomoni. Mwaka mzima ukayeyuka pale pale, nikaona Bibi wa zamani amesimama ndani ya gauni jipya.

Akayaweka kwenye mkono wa mwanawe. "Polepole," akasema kupitia vidole.

"Polepole, Mama."

Shangazi akayapanga kati ya taya za Mamba. Yeye anayevunja nondo aliyatoa tena, akayapanga mara ya pili. Akabonyeza kitufe. Mamba akanguruma, taya ya juu ikashuka, ikagusa. Mshale ukaanza kupanda.

Mshale ulitambaa, ukafika nusu, na hapo tukasikia mlio mdogo, tik. Daktari wa Mayai akafumba macho. Shangazi akasema, "Hapana, hapana, hapana," kwa sauti ya chini, mtu ambaye nusu ya maisha yake ameiunga mkono mashine.

"Hiyo ni kawaida yao," Bibi alisema. "Hata kwenye miwa yalikuwa yanalia hivyo. Wewe, kaza!" Hatukujua anamwambia nani, Shangazi au meno. "Kaza! Usimwogope huyo! Ana taya, hana fizi!"

Mhasibu mmoja akacheka. Mshale ukapanda. Bibi akasogea mpaka karibu na kioo cha kinga, akawa anayafokea meno yake kama kocha wa mpira. Mshale ukagusa alama nyekundu. Ukaivuka. Watu wakapiga kelele, lakini Mamba hasimami mpaka kitu kivunjike, na meno hayakutaka kuvunjika. Mshale ukaendelea. Ukaipita namba ya meno mapya yasiyowahi kuvaliwa, jambo ambalo mpaka leo Daktari wa Mayai analiandikia maelezo. Shangazi alikuwa ameshika kichwa, machozi yanamtiririka, anacheka.

Kisha, PA!

Kipande kimoja kiliruka juu ya kioo cha kinga, kikampiga Mafanikio katikati ya paji la uso. Akayumba juu ya kiti, akashuka na kiti chake mpaka sakafuni, na wakati anaanguka kidole chake kikaganda kwenye kamera, ikawa inapiga picha mfululizo.

"Hata nikiwa sina," Bibi alisema, "nang'ata!"

Chumba kizima kikavunjika kwa kicheko.

Habari ilitoka kesho yake, namba imejazwa mahali pake. Simu ya mkurugenzi ikaita ofisini kwa Mafanikio kabla hajavua koti. Mkurugenzi alitaka kujua ni akili gani imetangaza meno bora kuliko yote kwa picha ya ajuza asiye na hata moja. Mafanikio, akiwa na plasta kwenye paji la uso, alisema hiyo ndiyo picha pekee iliyotoka vizuri, nyingine zote ni za dari. Akaamriwa aiondoe. Shangazi alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi. Sijui walizungumza nini, ila mkurugenzi alimpa mkono wakati wa kuagana, na picha ikabaki.

Jioni Shangazi alituletea imechapwa, kubwa. Tukaitandika juu ya meza yangu ya kukatia. Bibi yuko katikati, kichwa nyuma, mdomo wazi wote, fizi tupu zinang'aa, na mikono miwili iko hewani, mbali kabisa na uso. Shangazi aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Mama," alisema, "hukuziba mdomo."

Bibi aliivuta picha karibu, akaikazia macho kana kwamba anatafuta kosa. Hakuwa amepata meno mapya bado, na hakuwa ameziba wakati ule pia, ingawa mwenye duka na mkewe walikuwa wamesimama pale barazani wanachungulia.

"Ningezibaje?" alisema. "Si nilikuwa nacheka."