Sataranji Chini ya Kawa

Juzi binti wa kaka yangu alinijia na simu yake, ile asiyoiweka chini hata wakati wa kula. "Shangazi," aliniuliza, "kwani mtu acheze sataranji masaa mangapi kwa siku ndo awe hodari?" Nilicheka, maana swali hilo lilinirudisha moja kwa moja mtaa wa Wadi Kabir, huku ng'ambo, nyumbani kwa bibi, nyuma ya magereji, ambako jioni ilinuka mafuta ya gari na iliki kwa pamoja.

Bibi alikuja na ubao wake wa sataranji kutoka Unguja, na sheria yake ilikuwa moja tu: tukishasali alasiri tunacheza, adhana ya magharibi ikilia tunaacha. Kila siku, hata Ramadhani. Mchezo usiokwisha ulifunikwa kawa, ileile ya kufunikia sahani za chakula, na ole wake atakayeifunua. Basi mpaka kesho yake nilikuwa nikicheza kichwani, nikichambua mchele, nikisukuma chapati. Nilidhani ananibania mchezo. Kumbe mazoezi yenyewe yalikuwa huko. "Bandu bandu huisha gogo," alikuwa akinambia.

Tulichogombea ni kahawa. Kwetu finjani ya kwanza ni ya mkubwa, na mimi kitinda mimba kahawa ilinifikia imeshapoa. Bibi aliapa kwamba siku nitakayomshinda, finjani ya kwanza itakuwa yangu, na baba atasubiri. Jamani, niliitaka finjani ile!

Ikafika jioni moja, farasi wangu akambana mfalme wake pembeni. Bibi aliinamia ubao, akivutavuta kanga yake mabegani. Adhana ikalia. Akafunika kawa huku anacheka.

"Usijione ushashinda, mwanangu. Dawa yako nnayo. Kesho, inshallah."

Alfajiri alipelekwa hospitali, na hakurudi. Siku ya matanga, mama ndiye aliyegawa kahawa. Alipita mbele ya wazee wote, akaja kunipa mimi finjani ya kwanza. Niliishika mpaka ikapoa. Sikuweza kuinywa.

Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa gereji jingine. Kawa imeliwa na mende, na sijaona tena mtu anayesuka kama ile. Lakini nakumbuka kila kete ilipokuwa jioni ile, nikamwelekeza mtoto, naye akazipanga kwenye simu. Haikuchukua hata muda wa kupepesa macho, simu ikatoa jibu.

"Bibi alishashindwa, shangazi. Hana pa kwenda. Khalas."

Miaka yote hii nimekuwa nikiitafuta dawa ile, nikipika, nikiendesha gari, nikingoja zamu benki. Kama mimi ni mchezaji leo, ni kwa sababu ya kuitafuta. Nilimtazama yule mtoto.

"Izime hiyo simu," nikamwambia. "Bado ni zamu ya bibi."