Siku Sita Nilizokula

Nyumbani kwa shangazi, Msambweni, Ramadhani ilikuwa na majiko mawili. Moja lilikuwa la alasiri, la kaimati na mihogo ya nazi, na hilo lilikuwa la watu wote. La pili lilikuwa la saa sita mchana, nyuma ya pazia la leso, la wanawake waliokuwa katika siku zao na kwa hivyo hawakufunga. Humo walikula kiporo cha daku kwa sauti ya chini, na kicheko chao kilinifikia ukumbini kama harufu. Mabinti wawili wa shangazi, wakubwa wangu, walikuwa wakipokezana huko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na mwaka ule pazia lile sikuwa nimelipita.

Miezi minne ilikuwa imekwisha bila ya kuona damu. Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na mitano, na tangu hapo siku zangu zilikuja zilivyotaka: mara wiki tano, mara tisa, kisha kimya. Sikumwambia mtu. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani na kuja kwetu mara moja kwa mwezi. Kwenye simu aliniuliza habari za shule, nami nikampa habari za shule.

"Wee mtoto," binti mkubwa aliniambia siku ya ishirini, "hujala hata siku moja? Wataka kwenda peponi peke yako?"

"Peponi wapi!" mdogo wake akadakia. "Muulize kama hajabeba mimba."

Wakacheka. Nami nikacheka. Shangazi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na mikono yake ikasimama.

Msichana wa nyumba ya pili alikuwa ameacha shule mwaka huo huo, na habari zake zilianza kwa mzaha kama ule. Usiku nililala nikiiona mikono ya shangazi. Hakuwa mama yangu. Alinichukua kwa hiari yake, na kwa hiari hiyo hiyo angeweza kunirudisha.

Kesho yake saa sita nililipita pazia.

"Alhamdulillahi, karibu chamani!" binti mdogo akanisogezea sahani. Ulikuwa wali wa nazi uliopoa, na kipande cha papa. Nilianza na maji. Sikuwa mgonjwa, sikuwa msafiri, sikuwa na hedhi. Nilikuwa na saumu safi, na niliimeza kwa gilasi moja. Akanisimulia maumivu yake ya kiuno, akaniuliza yangu. Nikamtungia. Nadhani hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwanza, na sijapata tena msikilizaji aliyeniamini vile. Kukaa peke yangu ukumbini kulikuwa na upweke wake. Kukaa pale, bega kwa bega naye, kulikuwa na upweke zaidi.

Siku sita nilikula. Usiku, wengine walipokwenda msikitini kwa tarawehe na binti mdogo akalala na kiuno chake, mimi nilibaki na paka, maana asiyeswali hana la kufuata huko.

Siku ya saba nilirudi kwenye msala. Baada ya adhuhuri shangazi aliniwekea mkono kichwani, kama alivyozoea akituombea dua. Vidole vyake vikapita chini ya mtandio, vikatulia katikati ya nywele nilizosukwa.

"Umeoga josho saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi, shangazi."

"Na kichwa?"

Mwanamke akitoka hedhini huoga mwili mzima, maji yakafika kwenye mizizi ya nywele. Kichwa changu kilikuwa kikavu kama kifuu. Nilikuwa nimekumbuka kila kitu cha uongo wangu, nikasahau maji.

Nilimwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kuna mwanamume?"

"Wallahi hakuna, shangazi."

Hakusema ameniamini. Alisema, "Vaa. Twende hospitali."

Muuguzi alikuwa mama wa bara, mwenye sauti ya kujaza chumba. Alinipa kikopo cha mkojo, akanipima uzito, akanigusa shingo. Kisha akamwita shangazi aingie.

"Hana mimba," alisema.

"Sema tena, mwanangu," shangazi akamwambia.

"Hana mimba, mama. Miaka ya mwanzo siku za msichana hazijatulia, na wengi huruka mwezi. Lakini zikikata zaidi ya miezi mitatu, aje aonwe, asikae nazo. Inaweza kuwa wasiwasi, au mwili kukonda, au tezi ya shingoni, au homoni za mayai. Tutampima damu." Akanigeukia. "Na wewe uwe ukiandika tarehe. Kwani ulimficha nani? Mwili ni wako."

Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Niliambiwa nile vizuri na nisubiri.

Shangazi hakuwaambia mabinti zake. Aliniambia tu nitubu na nizilipe zile sita. Nilizilipa mwezi wa nane, wenzangu wakila mbele yangu na kuniuliza haraka ya nini. Siku ya sita, alasiri, maji ya futari yakiwa tayari kwenye mtungi, nilikwenda chooni nikaiona damu. Nililia kwa furaha. Saumu ilikuwa imebatilika, ikabaki moja ya kulipa. Nikaenda nyuma ya pazia. Hakukuwa na mtu. Nikala mkate mkavu, nimesimama.

Damu ilipokatika nilifumua nywele zote, nikaoga, nikajimwagia kata baada ya kata. Nikaenda kuswali ubavuni mwa shangazi, maji yakinitiririka shingoni mpaka yakaulowesha msala. Alitoa salamu kulia na kushoto. Akainua mikono akaomba dua, nami nikainamisha kichwa nikamsogezea.

Mkono wake haukuja kichwani. Akakunja msala wake, akaenda kuangalia chungu.