Nilimmulika Mzee kwa Kamera Iliyokufa

Mwenye kosa ni mimi. Si batri, si mvua, si barabara. Ni mimi, na kila nikikumbuka natema mate kama mtu aliyemeza inzi.

Jina langu nalificha. Lakini ukiwa mtu wa Kasongo pengine umeshaniona: napiga foto za ndoa, za ubatizo, za matanga, apareyi, kamera yangu kubwa, inaning'inia kifuani. Nilikuwa naringa nayo, jamani! Wenye kupiga foto kwa simu niliwaona kama watoto wanaochezea udongo.

Siku moja alinijia mwanamke kutoka Wamaza, nitamwita Mama Zaina. Baba yake, Mzee Amuri, alikuwa mgonjwa wa tumbo, ugonjwa ule ambao hata mwenyewe anajua hautamwacha. Watoto wake walitawanyika wakati wa vita: mmoja Kalemie, mwingine Kindu, wengine huko machimboni. Sasa wote walikuwa njiani kurudi kumwona. Na mzee hakuwa na foto hata moja. Ile ndogo ya kadi ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba.

"Baba anataka moja tu," Mama Zaina akaniambia. "Yeye katikati, sisi watoto yote pembeni. Anasema wajukuu waone sura yake kungali mapema."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Umefika kwa fundi."

Fundi! Ptu!

Sikilizeni fundi alivyojitayarisha. Nilikuwa nimetoka Nyangwe kwenye ndoa, na batri ilifanya kazi huko kutwa nzima. Ilinipasa niipeleke kwa jirani mwenye sahani za jua za kuchajia, ilale pale mpaka ijae. Nikaona uvivu. Nikaangalia alama, nikaona bado kuna nusu, nikasema itatosha.

Ya akiba ninayo, ndiyo. Niliinunua sokoni kwa sababu ya urahisi wake, nayo ilikuwa imevimba kama panya aliyekufia majini. Nilijua imevimba! Nikaitia mfukoni hivyo hivyo, nipate kujidanganya kwamba ninayo.

Tukatoka na dereva wa moto, yaani pikipiki, kijana anaitwa Sefu. Kila tuliposimama, mimi ni kuwasha apareyi. Moto imenasa matopeni, nachukua video. Tumefika kwenye wauza ndizi, nawaonyesha wasichana foto za maharusi wa Nyangwe, moja moja, kioo cha apareyi nimekiongeza mwanga mpaka mwisho kwa sababu ya jua. Lenzi naivuta, nairudisha, naivuta, ili tu waone inavyotoka. Foto mbaya nazifuta palepale njiani, kana kwamba nyumbani hakuna nafasi. Na tukiondoka siizimi. Inaning'inia kifuani, inawaka bure.

Sefu akaniuliza, "Kaka, ile kitu haichoki? Tangu asubuhi iko inawaka."

"Wewe endesha moto yako," nikamjibu.

Tulipofika Wamaza, watu walikuwa wamekwisha kujipanga. Mzee alikuwa ameoshwa, amenyolewa ndevu, amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Shingo ilikuwa imekonda, kola inazunguka peke yake. Wana wawili walimbeba toka mkekani, wakamweka kwenye kiti uani. Walipotaka kumshikilia, akaisukuma mikono yao.

"Muniache. Nataka kukaa mwenyewe."

Akakaa. Mguu mmoja ulikuwa unatetemeka, akaubana na mwenzake. Watoto wakamzunguka, wengine wanalia, wengine wanacheka kwa kuonana.

Nikainua apareyi. Kioo kikawaka, kikatoa alama nyekundu ya batri, kikazima. Nikawasha tena. Kikazima. Nikageuka kama mtu anayepangusa lenzi, nikatoa ile batri, nikajaribu kuingiza iliyovimba. Haiingii. Nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaingia kwa nguvu. Kimya.

Hapo ndipo ningesema neno moja tu: imekufa. Wangenielewa! Kulikuwa na duka lenye sahani ya jua, tungengoja mpaka ijae, mzee angepumzika ndani. Lakini jicho la watu wote lilikuwa juu yangu, na mimi ni fundi kutoka Kasongo.

Juu ya apareyi yangu kuna flashi kubwa ya kupachika. Ile ina mawe yake, batri ndogo za duara kama za tochi, haitegemei batri ya kamera. Na nyuma ina kidude cha kujaribia: ukikibonyeza inamulika peke yake, bila foto yoyote.

Nikakibonyeza.

Pwaa! Mwangaza ukajaa uani. Watu wakapiga vigelegele.

"Vizuri sana, Mzee! Tazama hapa. Moja tena!"

Nikabonyeza tena. Na tena. Jicho nimelibandika kwenye kamera iliyokufa, naona giza tupu, mdomo wangu unasema vizuri sana.

Ngojeni, bado sijafika penye uchafu wenyewe.

Mtoto wa mwisho wa mzee, Saidi, alitoa simu yake. "Na mimi nipige moja," akasema. Akaiinua. Nikaogopa. Akipiga, ataomba tulinganishe, ataomba aone yangu. Nikampigia kelele mbele ya watu:

"Shusha hiyo simu! Unaniharibia mwanga!"

Uongo! Simu haiharibu mwanga wa mtu. Saidi akaishusha, akairudisha mfukoni.

"Unisamehe, fundi," akasema.

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Mimi!

Mzee alijikaza mpaka niliposema basi, kisha akaanguka mikononi mwa wanawe, jasho linamtiririka. Wakamrudisha ndani. Mimi nikawekewa bukari, ugali wetu, na kuku wa mawese, na firigisi wakanipa mimi, mgeni wa heshima. Nikaila. Nikalamba na vidole.

Nilijiambia nitachaji, nitarudi juma lile lile, nitatunga sababu ya kupiga upya. Kukawa na ndoa hapa, mvua pale, moto ya Sefu ikaharibika. Siku zikapita. Kisha habari ikafika: Mzee Amuri amefariki.

Mama Zaina akaja Kasongo kuchukua foto. Ndani ya kitenge alikuwa amefunga fremu ya kioo, amekwisha kuinunua. Nikamwambia mashini ya kutoa foto imeharibika.

"Nitangojea," akasema. Akaketi kizingitini kwangu. Kesho yake akarudi, akaketi palepale na fremu yake mapajani, bila hata kuninung'unikia. Nikashindwa. Nikamwambia yote.

Akaishika fremu kwa mikono miwili. Halafu: "Lakini mwangaza tuliuona."

"Ulikuwa mwangaza mtupu, mama."

"Na Saidi alikuwa na simu."

"Ndiyo."

"Unajua Baba alikuwa anatuuliza nini kitandani? Kila siku: 'Wanangu, sikufumba macho?' Sisi tunamwambia hapana, Baba, ulitazama vizuri."

Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Akasimama, akaifunga fremu yake ndani ya kitenge.

"Mimi sikutukani," akasema. "Matusi iko ya mutu. Hapa sioni mutu."

Akaenda zake.

Habari ilisafiri na wenye moto. Familia moja ya Kabambare iliyokuwa imeniita kwa ndoa yao ilituma ujumbe nisije. Watoto wa njiani wananiita Flashi. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Na firigisi ulikula?" Tangu siku ile akinipakulia chakula hanitazami usoni. Nami sijitazami.

Ndugu zangu wenye apareyi, chajini batri ijae kabla ya safari, si njiani. Zimeni kamera mkitembea. Kioo punguzeni mwanga, na mkiweza tazameni kwa kile kitundu cha jicho, maana kioo ndicho kinachokunywa nguvu. Msivute lenzi kwa kuringa. Kufuta na kuonyesha watu, fanyeni nyumbani. Batri iliyovimba tupeni, msiiweke mfukoni kama hirizi. Hayo yote niliyajua. Kujua hakukunisaidia kitu, kwa sababu siku ile sikukosa batri tu, nilikosa haya.

Ikikufia mikononi, sema imekufa. Watu watakucheka, utakunywa maji, yataisha.

Na wewe ambaye si fundi, wewe mwenye kisimu cha kioo kilichopasuka: mzazi wako akiwa ameketi mbele yako, na mtu yeyote mwenye apareyi kubwa akakwambia ushushe simu, nakuomba, usishushe. Mpige foto mzazi wako!