Mvinyo Ulioungua

Rozela iliungua siku shangazi aliponiita nikamshikie kioo apake nywele zake rangi. Nilimwambia nina sufuria jikoni. Akasema sufuria haina miguu, haitakwenda popote. Nikashika kioo, naye akawa ananigombeza kwa kuwa macho yangu yako uani, na niliporudi uani maji mekundu yalikuwa yamekauka na maua yameshika chini.

Mtu mwingine angemwaga. Mimi siwezi kumwaga rozela niliyoichambua ua kwa ua. Niliongeza maji, nikachuja, nikatia sukari na hamira, nikaufunika mvinyo kwenye ndoo yake na kuuombea. Ulipoiva ulikuwa na rangi nzuri kabisa, ila kila funda lilikuwa na moshi nyuma yake, kama mtu aliyeoga vizuri kisha akavaa shati alilopikia jana.

Sikufundishwa na mtu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Kilosa kwa shangazi, ambaye ndiye aliyetulea mimi na dada yangu tangu baba yetu alipofariki, nikajifunza kutengeneza mvinyo kwa kutazama video kwenye simu iliyopasuka kioo. Kwa kuwa sikufundishwa, naogopa kila kitu. Naonja, natema, naonja tena. Naamka kwenda kuangalia kama mfuniko umekaa. Lebo niliichora mwenyewe, ua moja la rozela na chini yake maneno "Mvinyo wa rozela, umetengenezwa Kilosa", nikachapishiwa kwenye duka la steshenari karibu na soko. Kila lebo naibandika kwa rula. Ikikaa upande naibandua, hata kama inachanika. Shangazi anasema nina ugonjwa, na sijawahi kuwa na hoja ya kumpinga.

Kwa hiyo mvinyo wenye moshi sikuubandika lebo. Niliujaza kwenye chupa tupu, dada akinisaidia kuziosha, nikaziziba, nikamuuzia kwa hasara jamaa wa chupa. Huyu ndiye anayenunua chupa tupu kwenye hoteli za Mikumi na kutuletea sisi wenye vitu vya kujaza. Alisema atawapelekea wachoma nyama waloweshee kitimoto. Aliniuliza kama kweli sitaki kubandika lebo. Nikamwambia, kwa majivuno ambayo nikiyakumbuka natamani kujipiga, kwamba lebo yangu haikai kwenye kitu kibovu. Akanisifu sana. Alisema vijana wenye msimamo kama wangu wamekwisha.

Msimu uleule dada akaposwa. Wakwe walikuwa na nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu, yenye baa na friji refu la kioo. Tangu niliposikia habari za friji hilo sikutulia. Nilitaka kitu kimoja tu: chupa yangu ikae meza kuu siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada, baba mkwe wa dada aonje, aulize imetoka wapi. Mengine yangejipanga yenyewe. Nilimwomba shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alisubiri kamati nzima iwe imekaa, kisha akanijibu.

"Mkwe akiharisha tutasema nini? Kwamba binti yetu mwingine ni mganga?"

Kamati ilicheka. Dada naye alicheka, kidogo, kwa pua. Shangazi akasema ameshaagiza mvinyo wa nje, wa zabibu, kwa mtu wa kuaminika, na kwamba mimi nitabeba sinia.

Siku yenyewe nilipewa kazi ya kufungua chupa kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi. Zilikuwa na picha ya mnara, kishada cha zabibu na maandishi ya lugha nisiyoijua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba lebo zote zimekaa upande. Nilikereka hata kabla ya kuwaza lolote. Halafu nikazibua ya kwanza, na moshi wangu ukatoka.

Kila anayepika anajua kitu chake kilichoungua. Nilionja kwenye kifuniko, nikaonja tena. Nikamfuata shangazi aliyekuwa anahesabu sahani, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba ule ni mvinyo wangu, ule ulioungua.

"Wako una lebo hii?"

"Hauna, shangazi."

"Basi si wako. Beba sinia."

Nikabeba. Dada alipiga magoti mbele ya meza kuu kama ilivyo desturi, akampa baba mkwe glasi ya kwanza, na vigelegele vikapigwa. Mzee alikunywa, akafumba macho, akaomba maikrofoni. Alisema amewahi kufanya kazi na wageni wengi pale Mikumi na mvinyo anaujua. Akatuambia tuvute pumzi taratibu. Ile harufu ya moshi tunayoisikia ndiyo harufu ya pipa, maana wenzetu huko huchoma pipa kwa ndani, kisha huulaza mvinyo humo miaka. Ukumbi mzima ukaingiza pua kwenye glasi. Watu waliokuwa wameshaanza kukunja nyuso wakazikunjua. Jamaa wa chupa alikuwa amekaa meza ya tatu, amevaa koti, akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

Sijui nilipata wapi mdomo. Nilikuwa nimesimama pale pale na sinia.

"Samahani baba, hilo si pipa. Ni sufuria yangu."

Mshereheshaji aliirudia kwenye maikrofoni, akiongeza na lafudhi ya mtoto, na watu wakacheka mpaka wengine wakapiga meza. Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikakimbilia mkoba wangu, nikaleta chupa yangu niliyokuja nayo kwa kuvizia, yenye lebo iliyonyooka, ya mvinyo wangu mzuri, ule usio na kosa hata moja. Baba mkwe alikuwa mstaarabu. Alinusa, akaonja, akajipangusa mdomo kwa leso.

"Mwanangu, hii ni juisi ya wagonjwa," alisema. "Haina pipa."

Shangazi aliinuka akawaomba radhi wakwe. Alisema kila nyumba ina mtoto wake wa namna hiyo. Dada alikuwa bado amepiga magoti, na nilipomtazama akageuza uso. Walipoondoka naye, kabla hajafunga mlango wa gari, aliniambia ile ndiyo siku pekee iliyokuwa yake, na mimi nimeitia moshi. Sidhani kama alikusudia mzaha.

Ningekuwa na akili ningeacha. Lakini neno "haina pipa" lilinikaa kichwani kama kibanzi kwenye kidole. Mvinyo niliousafisha kwa mwaka mzima ulikuwa umeshindwa na uchafu wangu mwenyewe, na sikuweza kujua kama ulishindwa kwa ladha au kwa mnara. Nikaamua kuunguza kwa makusudi. Ni kazi ngumu kuliko mtu anavyodhani. Ukitoa sufuria mapema hupati kitu, ukichelewa unapata uchungu wa dawa. Nilisimama juu ya jiko la mkaa nikiwa nimeficha mwiko mgongoni, nijizuie kukoroga. Niliharibu rozela nyingi niliyonunua kwa mama mmoja wa Kisanga mpaka nikaupata ule moshi wenyewe. Safari hii niliuchapishia lebo, nikaongeza mstari: "Una harufu ya moshi." Nikabandika kwa rula. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi, boksi mapajani, nikirudia njia nzima maneno nitakayosema.

Baba mkwe alinipokea vizuri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamwita dada alete glasi. Kwenye friji la kioo chupa za mnara, kama zile za sendofu, zilikuwa zimejipanga safu nzima. Mzee akaonja mvinyo wangu. Akaonja tena, na nikaona nyusi zake zinapanda, nikajua nimeshinda. Akaagiza chupa moja ya mnara, akamimina pembeni, akawa anaonja huku na huku.

"Ni uleule," alisema.

"Ndiyo, baba. Ni uleule."

Akaweka glasi chini.

"Kwa hiyo ulikwenda ukakaa ukaiga."

Nilieleza yote, kioo, nywele, sufuria, jamaa wa chupa. Nadhani nilieleza haraka mno, maana nikiogopa naongea kama nimeiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina kibali cha kuuza pombe. Sikuwa nacho. Akasema wenye mali yao wako mbali na hawawezi kuona wanavyoibiwa huku, lakini yeye anaona, na ingekuwa mtu mwingine angeshapiga simu polisi. Kwa heshima ya ukwe ataishia kunionya tu.

Nikamgeukia dada. Alikuwa anafuta kaunta, sehemu ileile moja.

"Dada, mwambie. Zile chupa uliziosha wewe."

Alifuta kidogo zaidi.

"Mimi nilikuwa naosha chupa tu," alisema. "Kilichotiwa ndani sikijui."

Baba mkwe akamwambia amwage mvinyo wangu kwenye sinki. Alianza na chupa ya kwanza na hakunitazama. Moshi ukajaa baa nzima, na mteja mmoja aliyekuwa anakunywa chai akauliza nani ameunguza kitu.

Sikuwa na pa kuweka macho, nikayaweka kwenye chupa ya mnara iliyokuwa mbele yangu kaunta. Lebo yake ilikuwa imekaa upande. Nilijikaza nisiiguse, nikashindwa. Niliisukuma kwa kidole gumba nayo ikateleza mpaka ikanyooka. Gundi ilikuwa bado mbichi.

"Toa mkono wako," alisema baba mkwe. "Hiyo ni mali ya watu."